Mjadala: Curt Flood anastahili Cooperstown au hastahili?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kukwepa. Curt Flood, mchezaji wa besiboli aliyefariki Januari 1997, mpaka leo hayumo katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo kule Cooperstown, New York. Mimi nasema amedhulumiwa.

Wanaompinga hushika takwimu: mipigo 1,861 iliyofanikiwa na wastani wa kupiga wa .293, na wapo waliomzidi ambao nao hawajaingizwa. Sawa, kwa gongo peke yake hafiki. Lakini kwa kulinda katikati ya uwanja alitwaa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, miaka 7 mfululizo, 1963 hadi 1969, na klabu yake, St. Louis Cardinals, walibeba ubingwa wa 1964 na 1967 yeye akiwemo.

Halafu tujiulize kwa nini hesabu yake iliishia pale. Oktoba 1969, akiwa na miaka 31, Cardinals walimpeleka Philadelphia Phillies bila hata kumuuliza. Enzi hizo klabu ikishakusajili imekumiliki; mkataba ukiisha, huruhusiwi kwenda kwingine. Flood akamwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, kisha akafungua kesi. Alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, akaziacha. Msimu wote wa 1970 hakucheza, na 1971 alicheza mechi 13 tu na Washington Senators, basi. Jackie Robinson, aliyekwisha kustaafu, alifika mahakamani kumtolea ushahidi. Kati ya waliokuwa bado wanacheza hakutokea hata mmoja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Hapo ndipo wengine husema: alishindwa, waliopata uhuru wa kuhama ni wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally mwaka 1975. Ndiyo, ila nani alithubutu kwanza? Wenzangu wa soka mnaijua hukumu ya Bosman ya 1995, iliyowaruhusu wachezaji wa Ulaya kuhama bure mkataba ukiisha. Flood aliingia vita ya namna hiyo miaka 25 kabla yake. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji aliyesimama naye, alichaguliwa kuingia Ukumbi wa Heshima Desemba 2019.

Mnaosema asiingie, nielezeni: Miller anaingiaje kwa ajili ya mapambano yale, halafu aliyetoa kafara kazi yake abaki nje?