Faini ya sisimizi milioni moja, ya punda elfu tatu: hii sheria inamlinda nani?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Naandika nikiwa na hasira juu ya punda aliyepigwa hapa Nairobi, asiyetaka kunivumilia apite tu.

Mei mwaka wa 2025, mahakama ya pale uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na sisimizi. Ndiyo, sisimizi, wale malkia wanaoanzisha viota. Wawili kati ya hao wanne walikuwa vijana kutoka Ubelgiji, na walikuwa na wadudu kama elfu tano kwenye vichupa. Walijitetea kuwa ni kufuga tu kwa kujifurahisha; haikuwasaidia. Ukishindwa kulipa, miezi 12 ndani. Mimi sina neno na hukumu hiyo. Wadudu wetu wabaki kwetu.

Sasa fungua Sura ya 360 ya sheria za Kenya, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ambayo tumekuwa nayo tangu miaka ya 1960. Isome kwa utulivu, imeandikwa vizuri kuliko unavyodhani. Kumpiga mnyama kikatili ni kosa. Kumpiga teke, kosa. Kumbebesha mzigo uliomzidi, kosa. Kumfanyisha kazi akiwa na kidonda au ugonjwa, kosa. Kumnyima chakula na maji, kumpa sumu, yote yamo. Unasoma ukitingisha kichwa, unasema kumbe wazee walifikiria kila kitu. Halafu unateremka hadi penye adhabu: faini isiyozidi shilingi elfu tatu, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Elfu tatu! Ukienda kujaza mtungi wa gesi wa kilo 13 hapa Nairobi, hiyo pesa inaishia hapo hapo dukani. Na ni "isiyozidi", yaani hakimu akitaka kukutoza mia tano, sheria haimzuii.

Nawaambia haya kwa sababu ya ile video ya punda wa Njiru ambayo mmekuwa mkitumiana tangu Alhamisi. Wengi mmeona sekunde arobaini. Mimi nilikuwa pale, na nilikuwepo hata baada ya simu kurudishwa mifukoni.

Ilikuwa asubuhi, barabara ya Kangundo. Mkokoteni umepakiwa mawe ya kujengea ya ndarugu mpaka mbao za pembeni zimetanuka. Punda mmoja tu ndiye anayevuta. Pale njia inapoacha lami na kupanda kuelekea mjengo, akapiga magoti ya mbele, akajaribu kuinuka, akaanguka kwa ubavu, na mti wa mkokoteni ukamkalia shingoni. Matandiko yake yalikuwa kamba ya nailoni na kipande cha mpira wa gari. Kamba inapopita begani palikuwa na kidonda upana wa kiganja changu, kimekauka pembeni, kibichi katikati, nzi wamekifanya makao. Hicho si kidonda cha siku hiyo. Kuna mtu amekuwa akifunga kamba juu ya kidonda hicho kila kukicha, kwa mikono yake, akikiona.

Vijana walikuwa wawili. Mmoja anamkunja mkia kama anayekamua nguo, mwingine anampiga mbavuni kwa kipande cha paipu ya maji, ile nyeusi. Punda hata halii. Watu wamezunguka, simu juu. Katika umati ule wote, aliyefanya jambo la maana ni mama anayeuza miwa kando ya barabara. Aliacha kisu chake kwenye meza, akamfuata yule kijana, akamnyang'anya paipu, akaitupa mtaroni. Akarudi na beseni la maji. Punda aliyanusa, hakunywa. Ndipo wanaume kadhaa tukaona aibu, tukaanza kuteremsha mawe.

Nilimwambia kijana kwamba anachofanya ni hatia. Hakunikasirikia hata kidogo. Alinijibu, "Mzee, kama unamhurumia, nilipe hii tripu basi."

Baada ya muda mrefu punda aliinuka, miguu ikimtetemeka. Na hii ndiyo sehemu ambayo haiko kwenye video: walimfunga tena. Kamba ileile, kidonda kilekile. Wakapakia nusu ya mawe, wakaenda, wakasema watarudi kuchukua yaliyobaki.

Nikaenda kituoni. Sitakitaja, maana sidhani kingine kingenipokea tofauti. Afande wa dawati akauliza mlalamishi ni nani. Nikasema ni mimi.

"Ni wewe umepigwa?"

"Hapana afande, ni punda."

"Basi leta huyo punda, na P3 yake, fomu ya majeraha, ikiwa imejazwa na daktari."

Kituo kizima kilicheka. Hata dada aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kuripoti simu yake iliyoibwa alicheka. Nikamfungulia afande Sura ya 360 kwenye simu yangu, nikampa asome. Haki yake nampa, alisoma mpaka chini. Alipofika kwenye elfu tatu akanirudishia simu, akasema, "Mzee, mafuta ya gari la kwenda kumtafuta huyo kijana yatapita hii faini."

Nilitaka kumjibu nikakosa jibu. Alinikera, lakini hesabu yake ni sawa. Polisi gani ataacha wizi wa mabavu akimbizane na faili ambayo mwisho wake ni pesa ya gesi? Kinachomfanya afande acheke ni hiyo karatasi yenyewe, na waliopaswa kuibadilisha wanakaa Bungeni, si kituoni.

Jioni video ikawa kila mahali, na hapo mkaanza. Kambi moja: "Huyo kijana afungwe yeye mkokoteni", "tupeni sura yake tumshughulikie". Kambi ya pili: "Watu wanalala njaa nyinyi mnalilia punda."

Nianze na nyinyi wa kwanza. Yule kijana si mwenye punda. Ulizeni Njiru, Kayole, Dandora, kokote mikokoteni inakolala: mara nyingi punda na mkokoteni ni vya mtu mwingine, kijana anakabidhiwa asubuhi, jioni anapeleka pesa ya mwenyewe, kinachobaki ndicho anachokula. Punda asipofanya kazi siku moja kwa sababu ya kidonda, kijana bado anadaiwa. Na mwenye mjengo aliyeagiza mawe kwa mkokoteni kwa sababu lori ni ghali, huyo hamjamtaja hata mmoja wenu. Sheria hiyohiyo dhaifu inasema mwenye mnyama akiacha ukatili utendeke kwa kutochukua tahadhari, naye ana hatia. Kwa hivyo mkitaka sura ya kuweka mtandaoni, tafuteni ya huyo anayengoja pesa jioni akiwa kwenye kochi. Kumpiga kijana mawe ni rahisi kwa sababu yuko barabarani na hana wakili.

Na nyinyi wa "watu wana njaa". Maji yakikatika wiki mbili Eastlands, nani anawaletea mitungi mlangoni? Punda akifa, kuna nyumba inalala njaa usiku huo huo, kwa hivyo msinitenganishie mambo mawili ambayo ni kitu kimoja. Tena hawa wanyama wanapungua. Sensa ya 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Katikati hapo zilifunguliwa machinjio nne za punda, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ngozi ikipelekwa China kuchemshwa kutengeneza dawa inayoitwa ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku, watu wakiamka wanakuta mizoga imechunwa imeachwa vichakani. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara ya ngozi hiyo barani kote kwa miaka 15. Punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Huwezi kumchinja kwa kasi ya kuku halafu ushangae bei yake imepanda na aliyebaki anavuta mzigo wa wawili.

Kuku nimewataja, basi. Wanaosafirishwa vichwa chini kwenye bodaboda mpaka soko la Burma hakuna anayewarekodi. Na mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko nao siku nyingine. Nakula nyama, sitaki mtu aje hapa kunibadilishia mada.

Kinachonichoma zaidi ya punda ni mbwa, kwa sababu huko huwezi hata kumsingizia kijana mwenye paipu. Mtaani kwetu watu walilalamika kuhusu mbwa koko, na kweli walikuwa kero, walikuwa wakifukuza watoto wa shule. Usiku mmoja nyama ikatupwa. Nani aliitupa, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Asubuhi watoto walewale tuliosema tunawalinda walipita kwenda shule katikati ya mbwa waliokakamaa, miguu imenyooka kama mbao, povu limekauka mdomoni. Mmoja wao hakuwa koko. Alikuwa wa jirani yangu, ana ukanda shingoni, amechanjwa kichaa cha mbwa na kadi yake ipo.

Fikirieni hilo la chanjo kidogo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua Wakenya hadi elfu mbili kwa mwaka, wengi wao watoto, na nchi ina mpango tangu 2014 wa kuumaliza ugonjwa huo ifikapo 2030. Madaktari wa mifugo wamesema mpaka wamechoka: ukichanja mbwa asilimia 70, ugonjwa unakosa pa kupitia. Ukitupa sumu, unaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, nafasi inabaki wazi, wanaingia wengine kutoka mtaa wa pili ambao hawajawahi kuona sindano. Yaani tunalipia chanjo mchana na kuitia sumu usiku.

Na kazi hiyo ina mwenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Imeandikwa hivyo, mchana kweupe. Nawauliza wa Nairobi: kanjo, hao askari wa kaunti, wanajua saa ngapi mama mboga amepanga sukuma wiki mahali pasipo pake, je, ni nani hapa amewahi kuona mmoja wao akisimamisha mkokoteni aangalie bega la punda? Ni nani anajua mbwa akigongwa Jogoo Road usiku anampeleka wapi bila kufungua pochi? KSPCA wanafanya wawezalo, na ni shirika la kujitolea la kutetea wanyama lililoanza 1910, kabla hata hiyo sheria haijatungwa. Wao ndio tunawapigia, halafu kaunti inakaa kama mgeni kwenye harusi.

Mnakumbuka Mohawk? Yule simba aliyetoka mbuga ya Nairobi akapigwa risasi Isinya mwaka wa 2016. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Lakini simba ana sheria ya 2013 nyuma yake, ambayo ilipotungwa, kwa wanyama walio hatarini kuangamia, iliongea lugha ya shilingi milioni 20 na kifungo cha maisha. Ana watalii, ana mabalozi. Punda hana mtalii. Mbwa wa Kayole hana balozi. Hao wana sisi tu, na sisi hasira zetu zinaisha video nyingine ikiingia.

Kwa hivyo naomba hivi. Acheni kumtafuta yule kijana. Mwandikieni mbunge wenu barua yenye jina lenu na eneo lenu, ombeni kitu kimoja tu: kifungu cha adhabu cha Sura ya 360 kibadilishwe, faini iwe ya kumfanya mwenye mkokoteni akose usingizi. Mimi yangu nimeshapeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri. Akinijibu nitabandika hapa, asiponijibu nitabandika hiyo ya muhuri.

Na kituoni narudi Jumatatu. Afande alisema hawezi kuniandikia OB, yaani kuingiza ripoti yangu kwenye kitabu cha matukio, bila shahidi na bila ushahidi, basi nampelekea vyote. Mama wa miwa amekubali kuja, anafunga meza saa nne. Kinachokosekana ni video. Wewe uliyerekodi ukiwa umekaa juu ya ukuta wa mjengo, nilikuona, nitafute kwa ujumbe wa faragha. Nataka ile yenyewe nzima, yenye saa na tarehe, si hii mliyoikata na kuiwekea wimbo wa huzuni.