Wachimbaji wa akiolojia ya mikataba: tupeane uzoefu wa malipo na uhakika wa kazi

Wakuu, sisi tunaotangulia mbele ya greda kuchimba mabaki ya kale kabla barabara au jengo halijaanza tukutane hapa. Marekani mradi wenye fedha au kibali cha serikali kuu unabanwa na sheria ya 1966 ya kuhifadhi urithi, Ulaya kuna Mkataba wa Valletta wa 1992, na miradi ya mikopo ya Benki ya Dunia ina masharti yake. Zote zinahakikisha kazi inafanyika. Anayeshika mwiko analipwaje, hapo kila mtu na lwake. Majina ya kampuni tusitaje.

Koleo Butu: Mimi ni wa kutwa. Mvua ikinyesha mtaro unajaa maji, na hela ya siku hiyo imeenda. Mradi ukiisha unapewa asante, ukiitwa tena unasainishwa kama mgeni. Likizo utaisikia kwa wenzako.

Mama Vigae: Kuchimba hakuniumizi, kinachoniumiza ni kinachofuata. Kuosha vigae vya vyungu vya kale, kuviandika namba, kuchora, kuandika ripoti: kazi hiyo inaweza kuzidi ya shambani. Sasa kampuni imeshinda zabuni kwa bei ya kutupa, itabana wapi? Hapohapo, maana mteja shida yake ni kibali, akishaachiwa kiwanja hana haja na vyungu. Niliwahi kuandika sura nzima ya vyungu usiku, mchana nikichimba kwa kampuni nyingine, kwa ahadi ya "tutakufikiria". Jina langu limo kwenye ripoti, malipo sijayaona hadi leo. Siku hizi siku za maabara ziingie kwenye mkataba kwanza. Wapo waliokataa, na wapo waliokubali bila hata kubishana, kumbe fungu lilikuwepo.

Kipimio: Msidanganywe na posho. Mshahara kiduchu, posho nono, unaona umepata. Ugua wiki moja urudi nyumbani uone kinachobaki. Na mafao yanahesabiwa kwa mshahara.

Mzee wa Mtaro: Nilikuwa Ireland 2008. Barabara kuu zilikuwa zimeajiri wachimbaji kwa mamia, wengine kutoka nchi za mbali. Ujenzi uliposimama tulitoka sisi kwanza, kwani nyumba isiyojengwa haina cha kuchimbiwa. Wengi waliingia fani nyingine na hawakurudi. Baadaye Uingereza ikaanza reli ya HS2, wakahitajika wanaakiolojia zaidi ya 1,000, kampuni zikanyang'anyana watu. Ajabu eti wakashangaa wazoefu wamekwenda wapi! Ufaransa angalau walianzisha Inrap, taasisi ya umma, chini ya sheria ya 2001, ingawa 2003 kampuni binafsi nazo ziliruhusiwa kushindana nayo.

Koleo Butu: Mama Vigae, hicho kipengele cha siku za maabara unakiandikaje? Kiweke tunakili.

Mama Vigae: "Kwa kila siku tano za uchimbaji, siku … za maabara na ripoti zitalipwa kwa kiwango kilekile. Malipo hayatasubiri mteja aipokee ripoti." Hiyo sentensi ya pili usiiache, mteja anaweza kukaa na rasimu hadi mwakani. Idadi ya siku jaza kulingana na eneo; penye vigae vingi mimi sishuki chini ya siku moja ya maabara kwa kila siku ya kuchimba.