Nimemsimulia binti yangu vitabu miaka na miaka, nusu nilitunga mwenyewe, sasa kaanza kuvisoma. Nifanyeje?

Dereva wa Vumbi

Wakuu habari za usiku. Kama ni kunicheka nichekeni ila ushauri mniachie.

Mi ni dereva, niko Gungu hapa Kigoma, nimeendesha magari ya mashirika ya wakimbizi muda mrefu tu, Kasulu, Nyarugusu, Kibondo, enzi zile barabara ni vumbi tupu unaondoka na shati jeupe unarudi nalo la rangi ya tofali. Mwaka 2008 kuna mzungu alikuwa anamaliza mkataba anarudi kwao akawa anagawa vitu, wajanja wakawahi friji na godoro, mi nimefika limebaki birika la umeme na boksi la vitabu. Birika lilikufa wiki ile ile. Vitabu ndo vinanitesa mpaka leo.

Vilikuwa sita, The Wheel of Time (Gurudumu la Wakati) ya Robert Jordan, cha kwanza mpaka cha sita. Sasa udereva nusu yake ni kusubiri, mabosi wameingia kikao cha masaa manne we unalaza kiti kitabu unakiegemeza kwenye usukani. Kiingereza changu kilikuwa cha barabarani, kile cha kwanza kilinichukua miezi saba na kamusi pembeni. Cha nne kina karibu kurasa elfu moja nikakimaliza kwa wiki tano, hapo nikajua nimeshakuwa mgonjwa. Mpaka leo ukivifungua kila ukurasa pembeni kuna alama ya dole gumba jekundu, ndo vumbi la Kasulu hilo.

Kwa wasiojua, ni vijana wa kijijini, sehemu inaitwa Mito Miwili, usiku mmoja wanavamiwa na majitu yenye vichwa vya wanyama, anakuja mama mmoja mwenye nguvu za ajabu anaitwa Moiraine anawatorosha, na mmoja wao, Rand, ndo aliyetabiriwa kupambana na yule mwovu mkuu na huenda akaivunja dunia humo humo akiiokoa. Ila mi moyo wangu ulikuwa kwa Perrin. Mhunzi, li-mtu likubwa lipole, linafikiri taratibu kabla ya kuongea, na linasikilizana na mbwa mwitu.

Cha sita kikaisha mi nikawa nasubiri mzee aandike vingine. 2014 napata simu ya maana kitu cha kwanza namtafuta, nakuta alifariki Septemba 2007. Yani kabla sijafungua hata ukurasa wa kwanza. Miaka sita namuombea mtu afya njema amalizie kazi yake kumbe yuko kaburini. Alaf nakuta kuna mtu mwingine kaimalizia, kitabu cha mwisho kimetoka 2013. Nikakasirika, nani amemkosea nani sijui, nikasema vya kumaliziwa sivisomi.

Hapa sasa ndo dhambi inaanza. 2016 binti yangu alikuwa na miaka mitano, umeme wetu mnaujua ulivyokuwa, jenereta ikizimwa mji mzima giza, basi nikawa namsimulia usiku. Mdogo wake alipopata akili naye akaingia. Ili waelewe Mito Miwili nikaifanya Malagarasi na Ruchugi, pale zinapokutana Uvinza, Perrin akawa anafua majembe ya wachimba chumvi. Hadi hapo sio uongo sana, ni tafsiri tu.

Tatizo kitabu cha tano. Waliosoma wanajua, Perrin hayumo. Kitabu chote! Na dogo kila usiku swali ni moja, "Baba, Perini leo kafanya nini?" Ningemjibu nini? Nikampeleka safari. Akavuka Malagarasi kwa mtumbwi, akakutana na mamba mwenye jicho moja, wakapigana siku tatu, usiku wanapumzika kila mtu upande wake asubuhi wanaendelea. Dogo alikuwa anashika mguu wangu anausubiri ule mkia. Yule mamba alidumu karibu mwaka mzima wakuu, maana kila nikitaka kumuua wananizuia.

Tatizo la pili, mwisho wa kitabu hicho hicho Moiraine anatumbukia kwenye mlango wa maajabu na adui yake, mlango unaungua. Mi nikajua kafa. Nikawasimulia na mazishi, sanda, watu walivyojaa, kaburi juu ya kilima linaangalia ziwa. Binti alilia, hakula. Mama yao akaniuliza msiba wa nani humu ndani.

Tatizo la tatu, mwisho wa hadithi yenyewe nikaufunga mimi. Rand akashinda, akaacha upanga, akarudi Uvinza akanunua mtumbwi wa dagaa. Harusi ya Mat, rafiki yao mwingine wa kijijini, ikafungwa Ujiji.

2022 mpwa wangu akaja na treni kutoka Dar kanibebea cha saba mpaka cha kumi na nne, vya mtumba, nikameza kiburi nikasoma. Nafika cha kumi na tatu, Moiraine mzima! Nimemzika mtu yuko hai!! Nikafunga vyote kwenye sanduku la bati, kimya.

Sasa binti yuko form two, kaja likizo, anatafuta blanketi kafungua sanduku. Kiingereza chake sio kama changu, cha kwanza kamaliza kwa siku tisa. Jumapili tunakula ugali na mgebuka ananiuliza, "Baba mbona humu Uvinza haipo?" Nikasema tafsiri hiyo. Kanyamaza, alaf, "Na mamba yuko kitabu cha ngapi?" Mdomo ukanitoka, cha tano.

Cha tano wakuu.

Nimwambie ukweli sasa hivi, nikifiche cha tano, au nikae kimya apambane mwenyewe? Wife anasema ulijitakia.

Mgebuka Mkavu

Harusi ya Mat Ujiji 😂😂😂 nani alikuwa MC

Mkuu we sio dereva we ni mstaafu wa uongo. Nimekaa pale Kibirizi nasubiri boti nacheka peke yangu watu wananiangalia.

Bibi Katubuka

Samahani mi nitaongea tofauti. Baba yangu alinidanganya kuhusu mambo mengi kwa nia nzuri, nilipokuja kuyajua ukubwani nilichukia sio uongo, nilichukia kwamba kila mtu nyumbani alikuwa anajua isipokuwa mimi. Mama yake anajua, wewe unajua, na huku sasa tunajua sisi wote. Mtoto wa miaka 14 sio mtoto. Mwambie leo, kesho usisubiri.

Msomaji wa Usiku

Hatimaye mtu wa Gurudumu humu ndani, nilidhani niko peke yangu Tanzania nzima.

Kaka, kwanza ulimkosea Brandon Sanderson, yule aliyemalizia. Haikuwa mtu kaokota tu kazi ya marehemu. Jordan alipojua anaumwa (ni ugonjwa wa protini kujikusanya kwenye moyo, unaitwa amiloidosisi) aliacha maelezo mengi, vipande vingine alishaandika kabisa, mwisho wa mwisho ikiwemo. Mjane wake, Harriet McDougal, ndo alikuwa mhariri wa vitabu vyote toka mwanzo, na ndo aliyemchagua Sanderson baada ya kusoma alichoandika kumuomboleza mume wake. Jordan alikuwa anasema kimebaki kimoja, Sanderson akakuta mzigo hauingii kwenye kimoja, vikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Kwa iyo ulipofunga hadithi pale Gungu ulikuwa unafanya kazi ile ile, tofauti yake yeye alikuwa na maelezo wewe ulikuwa na mamba.

Pili, la Perrin huna kosa. Jordan ndo alimuacha. Na hakuishia hapo, kitabu cha nane Mat hayupo kabisa. Ukiwa na watu wengi namna ile lazima wengine uwaache stendi. We ulichofanya ni kumhurumia dogo.

La Moiraine ndo kesi. Hapo binti ana haki ya kukufikisha kwa balozi wa nyumba kumi.

Ushauri wangu usimwambie lipi ni uongo. Mwambie uongo upo, atafute. Ukimwambia Moiraine yu hai unamnyang'anya kitabu cha kumi na tatu, na pale ndo penye utamu, mi nilisimama kitandani.

Kijana wa Kibondo

Jamani mbona hamtoi tahadhari??? Mi niko kitabu cha tatu nasoma kwa simu, nimeingia huku kumcheka mzee wa watu mnaniambia nani kafa nani kafufuka. Mmenimalizia utamu wote.

Msomaji wa Usiku

Pole dogo, vimetoka toka umezaliwa.

Kijana wa Kibondo

Nimezaliwa 2005 ndo nini sasa

Mwalimu wa Kanyenye

Nipo Tabora, nafundisha sekondari, Kiingereza, nawasalimu.

Nimesoma uzi huu mara mbili na kuna kitu naona mnakipita. Mtoto wa form two anasoma kwa hiari kitabu cha kurasa mia saba na zaidi kwa siku tisa. Mimi darasani nina vijana kitabu cha kurasa themanini wananikimbia. Unajua kwa nini ameweza? Kwa sababu hadithi anaijua tayari, neno asilolijua analiruka bila kupotea, anajua hapa wanakimbia hapa wanapigana. Hiyo umempa wewe, na mamba wako.

Kufichaficha vitabu usijaribu. Nimewahi kumnyang'anya mwanafunzi riwaya, kesho yake ilikuwa imeshazunguka bweni zima.

Ila kuna jambo moja usisahau, form two kuna mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Vipo kumi na vinne hivyo, ukijumlisha ni maneno zaidi ya milioni nne. Kaa naye mkubaliane, likizo ndo vitabu, shule ikifunguliwa sanduku linafungwa na funguo anashika mama. Sio wewe. Wewe siku-trust.

Asali ya Sikonge

Mwalimu umemaliza, mi naongezea tu kuna tamthilia yake ilianza 2021, msimu wa tatu ndo ulikuwa wa mwisho wakaikatisha. Kama binti ataangalia ile ndo atachanganyikiwa zaidi maana nao wamebadilisha mambo mengi, Perrin wamempa mke toka mwanzo wakati kitabuni hakuwa naye. Kwa iyo mzee kama ni kushtakiwa utaenda na watu wa televisheni basi moja.

Mgebuka Mkavu

Ila kiukweli yule mamba alikufaje? Usituache hewani.

Dereva wa Vumbi

Nimerudi, nilikuwa safari Kakonko. Asanteni wote, hata walionitukana inbox.

@Mgebuka mamba hakufa. Perrin alimtoa mwiba kwenye lile jicho wakaachana kwa amani. Binti ndo aliyetaka hivyo, alikuwa na miaka saba.

Nilifuata ya Msomaji kidogo na ya Bibi Katubuka kidogo. Jana jioni nilimkuta barazani anasoma, kitabu cha pili kamaliza yuko cha tatu, nikakaa, nikamwambia mama nisikilize, yale niliyowasimulia sio yote yamo humu. Kuna safari nimetunga, mwisho nimetunga, na kuna kaburi moja nimelichimba wakati sikutakiwa. Lipi sisemi, utaliona mwenyewe.

Hakushtuka. Kaweka kidole kwenye ukurasa kanitazama hivi, akasema "Mamba nilijua toka darasa la tano, ule mkia ulikuwa mguu wako." Nikamuuliza sasa kwa nini uliniuliza yuko kitabu cha ngapi. Anasema alitaka kuona nitasema ngapi.

Yani nilikuwa nahojiwa wakuu.

Ila la kaburi limemkaa. Kachukua daftari kaandika majina ya wote waliokufa kwenye simulizi zangu, kumi na saba, sikujua kama niliua watu wengi hivyo, sasa anapitia kitabu kwa kitabu anaweka tiki. Dogo bado hajui kitu na tumekubaliana asijue, juzi umeme ulikatika nikasikia dada yake ndo anasimulia chumbani, mamba ana mke.

Funguo kashika mama.

Leo asubuhi sasa kanifuata nafuta gari, kitabu cha tatu mkononi, uso umekunjamana. "Baba, Rand umempeleka wapi? Nimesoma kurasa mia mbili simuoni." Nikamwambia mwanangu hilo sio mimi, ndo kilivyoandikwa, humo Rand anaonekana kidogo sana. Hakuniamini. Alikaa kwenye ngazi akakagua kile kitabu kwenye mshono, anahesabu namba za kurasa, anatafuta nilipochana.