Nyali hadi Shanzu: ukuta juu ya mchanga, njia za pwani zafungwa, na kila ofisi yatwambia "rudi kesho"

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Anayetaka maneno matamu akasome mabango ya mauzo ya fleti, huko kumeandikwa "ufuo wako binafsi". Tuanzie hapo hapo. Kenya hakuna ufuo binafsi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62(1)(l): ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ukishuka hadi 62(3) utakuta inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hivyo bawabu anayekwambia "hapa ni kwa wakaazi wa jengo tu", nawe umesimama kwenye mchanga uliolowa, anakufukuza kwako.

Sasa swali ambalo makarani hawapendi kuulizwa. Hiyo alama ya maji kujaa iko wapi? Ilipimwa siku gani? Saa ngapi?

Kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hujaa hadi kama mita 3.5. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua na bamvua, hujaa hadi kama mita 2.4. Tofauti ni mita moja na kitu kwenda juu, na mtu wa bara atasema hiyo ni nini. Lakini ufuo umelala, haukusimama. Mahali mchanga unapopanda mita 1 kwa kila mita 15, tofauti hiyo inakuwa zaidi ya mita 15 za mchanga. Ploti ikiwa na upana wa mita 40, hizo ni mita za mraba 600 zilizotoka kwa umma zikaingia ndani ya ukuta bila tingatinga, kwa kalamu tu.

Na wala si lazima pawe na hongo. Bamvua la Mombasa hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa nne asubuhi ya siku hiyo maji yamekauka, watoto wanaokota kombe kwenye mwamba. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne ndipo maji yanapojaa, ila yanajaa kivivu na kukomea chini. Yaani mpimaji akifika na tripodi yake saa nne asubuhi, hataiona alama ya kweli siku yoyote ya mwezi, bamvua wala maji mafu. Akitia bikoni, jiwe la mpaka, pale alipoona maji yamekomea, ndiyo hiyo inayokwenda kwenye ramani, na ramani ikishasajiliwa kila mtu anaiheshimu kama msahafu.

Alama ya kweli haihitaji mtambo kuiona. Ni ule mstari wa mwani mkavu, vifuu, vijiti na vifuniko vya chupa unaoachwa na bamvua, na juu yake kidogo ndipo majani ya kutambaa na mivinje yanapoanza. Si kila bamvua hufika mahali pamoja: lile la Machi na Aprili, na lile la Septemba na Oktoba, hupanda kuliko mengine, na mawimbi ya kusi huongeza yao. Kwa hivyo msichukue mstari wa siku moja mkaenda nao ofisini mkachekwa. Chukueni wa bamvua kadhaa. Ukuta ukiwa upande wa bahari wa mistari yote hiyo, hapo mwenye ukuta ndiye anayepaswa kujieleza.

Kuna na hizi mita 60 ambazo kila mtu huzipigia kelele bila kuzisoma. Zimo kwenye Kanuni za Upimaji za 1994, kanuni ya 110. Inasema ardhi ya serikali isiyogawiwa, inayopakana na bahari, ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida huachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Rudieni: isiyogawiwa. Kwa kawaida. Na waziri ana ruhusa ya kuupunguza. Ploti nyingi za pwani ni hati za zamani, nyingine zina mizizi kwenye sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyotungwa kwa ajili ya ukanda huu wetu, na mpaka wake unaweza kuwa umeandikwa hadi maji yanapofika. Ukimkabili mwenye hati ya namna hiyo kwa kelele za mita 60, wakili wake atakumaliza kabla ya chai ya saa nne. Silaha pale si mita sitini, ni kifungu cha sitini na mbili.

Tuje kwenye ukuta wenyewe. Wanasema wanazuia bahari isile ardhi. Ukuta wa wima hauzuii kitu, unahamisha. Wimbi likipanda mchanga ulioinama hutandika, nguvu zake zinaishia njiani, mchanga unaburutwa kidogo na kurudishwa. Likigonga saruji iliyosimama, linarudi na nguvu zake nyingi, linachimba pale pale kwenye kitako cha ukuta. Kusi mbili tatu, na ufuo mbele ya ukuta umeshuka hadi mwamba unaonekana. Na pale ukuta unapoishia, maji yanazunguka kona na kula kwa jirani, jirani naye anajenga wake, wa tatu anajenga wake. Mchanga wa pwani hii unasafiri, kusi huupeleka kaskazini na kaskazi huurudisha kusini, na hutegemea sana ufuo na vilima vya mchanga vilivyo nyuma yake. Ukivifungia nyuma ya saruji, msafara wote unakosa chakula.

Na kinachoangusha kuta hizi mara nyingi si wimbi la mbele. Ni maji ya nyuma. Fundi anaacha matundu ya kutolea maji, au anayaweka bila kokoto na kitambaa cha kuchuja. Bila matundu, mvua za masika na maji ya bustani yanajaa nyuma, yanausukuma ukuta kuelekea baharini huku kitako kimeshachimbwa. Penye matundu bila kichujio, mchanga unavuja kidogo kidogo mpaka sakafu ya juu inabaki hewani. Ukishaanguka, vifusi na nondo zilizooza vinaachwa pale pale kwenye mchanga wetu, na ukuta mpya unajengwa mbele ya ule wa zamani. Mbele, jamani. Upande wa bahari. Angalieni hapo mnapopita, mtahesabu kuta mbili, na kwingine tatu, kama magamba ya kitunguu.

Njia za kuendea pwani ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu zinakufa kimya. Kwenye ramani za zamani za upimaji utaziona, vichochoro vilivyonyooka kati ya ploti na ploti, kutoka barabarani hadi majini. Kufa kwake kuna hatua. Kwanza linawekwa geti "kwa sababu ya usalama", lakini liko wazi. Halafu bawabu na daftari, uandike jina na nambari ya kitambulisho ukaoge bahari uliyozaliwa nayo. Halafu linafungwa saa kumi na mbili jioni. Halafu jenereta na mapipa ya taka yanahamia mle, njia ya mita sita inabaki mita moja na nusu. Mtu mmoja mmoja anapita, ila chombo na mashine yake hakipiti, kapu la barafu la wavuvi halipiti, na mama karanga mwenye karai na kuni zake hapiti. Mwishowe mwenye ploti ya kulia ananunua ya kushoto, anaomba kuunganisha ploti, na kwenye ramani mpya kichochoro hakipo. Ukiuliza, unaonyeshwa ramani mpya. Ndiyo maana nasema tafuteni ile ya zamani, na muulize: njia hii ilifutwa kwa uamuzi wa nani na tangazo lake lilitoka lini?

Kuhusu ghorofa sitachukua muda, hesabu inatosha. Jengo la ghorofa 15, fleti 6 kila ghorofa, ni fleti 90. Watu wanne kila moja, ni 360. Kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 36,000 zinazoingia, na kama asilimia 80 inatoka kuwa majitaka, ni karibu lita 29,000. Sehemu kubwa ya Nyali na Kisauni haina mfereji wa majitaka. Lori la eksosta la lita 10,000 ingebidi lije mara tatu kila siku ya Mungu. Mnaliona? Basi majitaka yanakwenda wapi? Yanazama kwenye mchanga na matumbawe yenye matundu, yanatokea ufuoni maji yakipwa, kale kamfereji ka kijani kenye harufu. Wakati huo huo maji ya bomba kutoka Mzima na Baricho hayatoshi, kila jengo linachimba kisima chake, na maji matamu chini ya pwani yanaelea juu ya ya chumvi. Kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukivuta ya juu, chumvi inapanda, na inapanda kwenye visima vya majirani wote.

Kivuli nacho. Jengo la mita 45 liko magharibi ya ufuo. Mwendo wa saa kumi na dakika ishirini jioni, jua likiwa nyuzi 30, kivuli chake kinafika kama mita 78. Yaani saa ile familia zinateremka kuogelea, ufuo mzima umeshaingia gizani. Kasa anayetaga mayai mia hivi na kuyaacha miezi miwili, taa za jengo hilo hilo zinawavuta vitoto vyake barabarani badala ya baharini.

Ajira, mtasema. Nahodha wa boti ya vioo, muuza madafu na mvuvi wana kazi tayari, na kazi hiyo inahitaji mchanga. Na "mji unahitaji nyumba", sawa, piteni Jumanne usiku mhesabu madirisha yenye taa.

Sasa kazi, maana muda ndio unaotuua. Bango la mjengo likisimama, lipigeni picha siku hiyo hiyo, hasa nambari ya ploti na nambari za vibali. Uamuzi wa kaunti wa kuruhusu ujenzi unapingwa kwenye kamati ya upatanishi ya mipango ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14, kwa Sheria ya Mipango ya 2019. Kumi na nne tu. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, hupingwa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Wengi hungoja waone nguzo, na nguzo zikionekana siku zimeisha. Ofisi ikikataa kutoa faili, andikeni barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu. Wasipojibu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, bila muhuri hamkuandika kitu. Na mkifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, msikubali kuulizwa "wewe umeumia nini?". Kifungu cha 70(3) cha Katiba kinasema huhitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au kuumia.

Bamvua lijalo, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, saa kumi alasiri, wekeni hapa: nambari ya ploti, picha ya maji yaliyokomea kwenye ukuta yenye tarehe na saa, na kipimo cha futi kutoka ukutani hadi kitu kisichohama, mbuyu, msikiti au nguzo ya stima. Majina ya mabawabu msiweke, wao wanalipwa kufungua na kufunga tu.