Nimetoka kinyozi na nusu kichwa kwa sababu ya mtu mmoja na dunia yake ya chapati

Fundi_wa_Skrini:
Wakuu, naandika haya nikiwa nimevaa kofia ya baridi na jua la Nairobi linachoma kama pasi. Msiniulize kofia ni ya nini. Haya, niulizeni. Ni kwa sababu upande wa kushoto nimenyolewa na wa kulia bado. Nimetoka kinyozi sasa hivi, kitambaa chao bado kiko shingoni, nilisahau kukirudisha kwa hasira.

Aliyenifikisha hapa mnamjua. Msijifanye. Kila mtaa una wake lakini huyu wetu wa Kayole ndiye baba yao. Yule wa miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, anayekuja kinyozi kila Jumamosi na HANA NYWELE. Hata moja. Anakuja kukalia benchi, kusoma gazeti la jana na kuhakikisha hakuna mtu mwingine mwenye maoni.

Leo kaja na dunia. Ati ni bapa kama chapati, na Marekani wanatudanganya tangu 1969. Nikanyamaza. Nilinyamaza dakika nzima, Mungu ni shahidi. Kisha akasema setilaiti hazipo, ni maputo tu.

Sasa hapo wakuu. Mimi ni fundi wa simu, mwaka wa tisa huu niko barabara ya Luthuli mjini. Simu ikija ramani haisomi, nafungua, nasafisha antena, nafunga, natoka nayo hadi mlangoni nihesabu imeshika setilaiti ngapi. Ikishika nne inajua iko wapi, na mteja analipa. Karo ya watoto wangu imetoka kwa hizo setilaiti. Leo naambiwa nimesomesha watoto kwa maputo?

Nikasema, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, hizo za ramani ziko juu kilomita 20,000 hivi, na zinaizunguka dunia, ambayo ni ya mviringo."

Akakunja gazeti. Akashusha miwani. "Kijana, tangu uzaliwe, mbali kabisa umefika wapi?"

Na mimi kwa ujinga wangu nikajibu ukweli. Naivasha, harusi ya binamu.

"Yaani wewe hata Namanga hapo mpakani hujafika, unatuletea habari za mwezini?"

Wakuu. Kicheko kilichotoka pale kingeweza kuezua mabati. Kulikuwa na mtoto wa darasa la pili analia kwa kuogopa mashine, aliacha kulia ili acheke. Kinyozi mwenyewe, mtu niliyemlipa, AKAZIMA MASHINE. Alikuwa amefika katikati ya utosi. Akazima, akashika ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa juu ya ndoo. Hata Namanga hujafika!

Halafu yule mzee akamalizia kwamba intaneti imenitoa kwa Mungu. Mimi! Mimi naimba besi kwenye kwaya, na kesho tunaimba ibada ya pili. Nitaimba na kofia?

Nikasimama nikatoka. Nageuka nyuma namwona ameshika simu anaita bodaboda, anafuata kale kadoti kwenye ramani. KWENYE RAMANI.

Kuku_wa_Kienyeji:
Picha.

Jirani_Mbaya:
Bila picha hii ni hadithi ya kulaza watoto.

Fundi_wa_Skrini:
Sitoi picha. Nimeleta jambo zito.

Kuku_wa_Kienyeji:
Zito ni upande mmoja, mwingine umeshanyolewa.

Bintiye_Mwalimu:
Pole kaka. Lakini ulikuwa na jibu la swali lake na hukulitumia. Mgiriki mmoja, Eratosthenes, alipima ukubwa wa dunia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita huko Misri, na kilichomsaidia ni kivuli. Kuna siku katika mwaka jua la adhuhuri lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye kisima kule Aswan, hakuna kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kijiti kilikuwa na kivuli cha nyuzi 7 na kidogo. Hiyo ni sehemu moja kati ya 50 ya duara. Akachukua umbali wa miji hiyo miwili akazidisha mara 50. Mwezini hakufika, na Namanga pia hakufika.

Jirani_Mbaya:
Mwalimu, fundi angeanzia wapi kueleza kijiti na kisima huku mashine imezimwa?

Fundi_wa_Skrini:
ASANTE. Wewe ndiye umeelewa. Mashine ilizimwa! Mtu anakucheka akiwa ameshika kichwa chako!

Mtu_wa_Makueni:
Huyo mzee mleteni kwetu. Tarehe 30 Desemba 2024 ringi ya chuma ya kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, mchana kweupe, bado ina joto. Watu wa Shirika la Anga za Juu wakaja kuibeba wakasema inaonekana ni kipande cha roketi. Kama huko juu kuna maputo tu, basi ni puto la chuma.

Sitaki_Maswali:
Nyinyi mcheke tu. Mzee ana hoja. Ufunuo 7 inasema malaika wanne walisimama kwenye pembe nne za dunia. Mpira una pembe wapi?

Besi_ya_Pili:
Na Isaya 40:22 inasema duara ya dunia. Chagua moja.

Sitaki_Maswali:
Hata sahani ni duara.

Besi_ya_Pili:
Sahani yenye pembe nne? Hiyo ni sinia ya kampuni gani?

Mama_Njugu:
Mnanichosha. Nani aliwaambia sayansi na imani ni wake wenza? Padri Mkatoliki, Mbelgiji anaitwa Georges Lemaître, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na bado alikuwa akisoma misa. Hakuna aliyemwambia intaneti imemtoa kwa Mungu.

Jirani_Mbaya:
Intaneti haikuwepo mama.

Mama_Njugu:
Na wewe ulikuwepo?

Fundi_wa_Skrini:
Tafadhali turudi kwenye mada. Mtu mzima, mwenye familia, anaulizwa amefika wapi mbele ya mtoto wa darasa la pili. Nimepita kwa jirani yangu jioni hii, hajaniambia habari gani, kaniuliza "Namanga kwema?" IMESHAFIKA KWA JIRANI.

Pwani_Tulivu:
Nairobi mna shida. Huku kwetu Ngomeni, Malindi, kuna jukwaa la Waitaliano baharini, wazee wetu walikuwa wakivua wakiliona. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti pale ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Wamerusha hapo mpaka 1988. Puto halihitaji jukwaa la chuma katikati ya bahari, ndugu zangu.

Kuku_wa_Kienyeji:
Pwani, tukiwa hapo, mbona samaki wenu wakifika soko la Burma hapa Nairobi wana bei ya pikipiki?

Pwani_Tulivu:
Muulize anayewaleta. Mvuvi anauza bei ya kutupa.

Mla_Bando:
Mimi hasira yangu ni Nanyuki. Tulisimama pale kwenye ikweta, kijana akatoa beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. Hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande huu, hatua chache kusini yanageuka, katikati yanashuka wima. Nikalipa, nikapewa na cheti! Nimekuja kujua baadaye ni ujanja wa mkono. Ni kweli dunia inapinda njia ya vimbunga, lakini kwa beseni nguvu hiyo haitoshi kusukuma hata kijiti. Yeye anageuza mwili wake wakati wa kumimina, basi. Hicho cheti nilikiweka fremu. Kipo sebuleni. Wageni wanakisoma.

Jirani_Mbaya:
Wewe angalau Nanyuki umefika.

Fundi_wa_Skrini:
Nimekuona.

Ustadhi_wa_Eastleigh:
Nyinyi mnapigania umbo la dunia, sisi kila mwaka tunapigania mwezi. Nyumba moja, mama bado amefunga, mwana anakula pilau la Idi, baba yuko kwenye paa na simu anasubiri ujumbe. Mmoja anasema hesabu za nyota zinatosha, mwingine lazima jicho lione, mwingine lazima jicho la hapa Kenya lione. Na Al-Biruni, Mwislamu safi, alikwishapima nusu kipenyo cha dunia kwa kuangalia upeo kutoka juu ya mlima, karibu miaka 1,000 iliyopita. Mimi nataka tu kujua pilau linapikwa siku gani.

Mama_Njugu:
Ustadhi likipikwa tuambie, mambo ya mwezi baadaye.

Bintiye_Mwalimu:
Na ule usiku wa Jumapili, Septemba 7, 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu hapa Nairobi, si mlitoka wote nje? Kile kilichoula kilikuwa kivuli cha dunia yetu. Na ukingo wake ulikuwa umepinda.

Mkazi_wa_Kayole:
Hahaha, mnakumbuka vizuri? Huyo mzee mwenyewe ndiye aliyetugongea milango ya ploti tutoke tukatubu. Nilitubu mambo mengine mpaka leo najuta, mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kuku_wa_Kienyeji:
Fungua uzi wako kaka, huu utakosa nafasi.

Mzee_Kobe:
Niseme kidogo. Fundi, hizo setilaiti wewe umeziona kwa macho au umeona namba kwenye skrini? Sote tunaamini tusichokiona. Tofauti ni kwamba yako ukiifungua na kuisafisha inarudi kufanya kazi. Ungemwambia hivyo.

Fundi_wa_Skrini:
Mzee Kobe, maneno kama haya huja usiku. Pale nilikuwa na sabuni sikioni.

Sitaki_Maswali:
Mimi bado nangoja pembe.

Abiria_wa_Saa_Kumi_na_Moja:
Kwa kuwa tunazungumza imani: ile matatu ya asubuhi, mhubiri anapanda stesheni ya kwanza, anapiga kelele mpaka mjini, halafu anapitisha bahasha. Leo kasema simu ni chombo cha shetani. Kisha akasema asiye na pesa taslimu anaweza kutuma, akasoma namba yake mara tatu.

Mama_Njugu:
Hiyo ni nafuu. Ploti yetu kuna spika nne za mkesha, zimeelekezwa kwenye dirisha langu. Mungu hasikii mpaka mimi niamke kwanza.

Mla_Bando:
Na mnaozungumza kuhusu miujiza, bando langu la wiki limeisha siku ya pili na simu ilikuwa imezima. Huo elezeni kisayansi.

Mkazi_wa_Kayole:
Bando? Tokeni za stima! Nimeweka za mia mbili jana, nikapika chai, zikaisha chai haijachemka.

Abiria_wa_Saa_Kumi_na_Moja:
Ulichemshia watu wangapi?

Mkazi_wa_Kayole:
Mimi na tumbo langu.

Fundi_wa_Skrini:
WAKUU. Nusu kichwa. Kesho kwaya. Hata Namanga hujafika. Na simu aliyokuwa anaitia bodaboda ni mimi niliyemtengenezea, pale pa kuchajia palikuwa pamejaa unga wa ngano sijui alikuwa anafanya nini. Mia nane. Tangu mwezi wa tatu ananiambia kesho.

Jirani_Mbaya:
Ahaaa.

Kuku_wa_Kienyeji:
Kumbe dunia ya mviringo ni mia nane.

Besi_ya_Pili:
Fundi, kaka, kumbe ni wewe? Mwalimu wa kwaya anasema kofia haziruhusiwi madhabahuni. Nyoa upande wa pili.

Fundi_wa_Skrini:
Kwa nani? Kinyozi kingine kilicho karibu ni cha shemeji yake huyo mzee!

Mama_Njugu:
Wembe ni shilingi ngapi jamani.

Fundi_wa_Skrini:
Nimejaribu. Tusiongee hayo.

Jirani_Mbaya:
Picha SASA.

Mkazi_wa_Kayole:
Tukiacha hayo, mbona maji yetu yanakuja Jumatano usiku wa manane tu? Nani analala na ndoo?

Mama_Njugu:
Sisi tuna wiki ya pili hata hiyo Jumatano hatujaiona.

Pwani_Tulivu:
Njooni pwani.

Kuku_wa_Kienyeji:
Na bei ya samaki ile?

Abiria_wa_Saa_Kumi_na_Moja:
Samahani kwa kuingilia. Kuna fundi humu? Simu yangu imeanguka kwenye matatu, skrini ina mistari ya kijani lakini sauti inatoka. Itagharimu kama ngapi?

Fundi_wa_Skrini:
Usiiguse, na usiweke kwenye mchele. Mistari ya kijani mara nyingi ni skrini yenyewe, lakini wakati mwingine waya wake tu umelegea, huo nakurudishia kwa mia tatu. Nikishaifungua ndiyo nitakupa bei. Njoo Luthuli Jumatatu kuanzia saa tatu asubuhi.

Abiria_wa_Saa_Kumi_na_Moja:
Nitakujuaje?

Fundi_wa_Skrini:
Ulizia wa kofia.