Chumba kimoja, kirusi kimoja: kwa nini kaka alilazwa nami nikapona nyumbani?

Mchuuzi wa Kirumba
Ndugu wanajukwaa, mwaka 2021 mimi na kaka yangu tuliugua UVIKO-19 wiki moja, tukilala chumba kimoja. Mimi nilikohoa siku nne nikarejea mwaloni kwenye dagaa zangu. Yeye siku ya tisa alianza kuhema kama aliyepanda mlima wa Bugando kwa mbio, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Daktari alisema kinachomwumiza sasa ni kinga yake kuliko kirusi. Kinga inamwumizaje mwenyewe?

Maabara Nyegezi
Daktari alisema kweli. Seli iliyovamiwa hutoa protini za kupashana habari, na ya mwanzo ni interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957, ambayo huzitahadharisha seli za jirani zisimpe kirusi nafasi ya kuzaliana. Ikichelewa, kirusi huenea kimyakimya, na mwili ukishtuka humwaga protini nyingine kupita kiasi, hasa intaleukini-6, hadi mishipa midogo ya mapafu inavuja na vifuko vya hewa kujaa majimaji. Intaleukini-6 hiyohiyo ndiyo huliamuru ini litengeneze protini tunayoipima kwenye damu kwa jina la CRP, ili kujua ukali wa vita hiyo ya kinga.

Wengine huchelewa kwa sababu ya ajabu kidogo: utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa mahututi 987, wapatao 101 walikuwa na kingamwili zinazozima interferoni zao wenyewe, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Kama kaka yako alikuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo, siwezi kusema bila kipimo.

Mama Nyakato
Asante, mwanangu. Basi mtu akianza kukohoa tu si ameze deksamethasoni, ile dawa ya kutuliza kinga? Huku kwetu duka la dawa linaiuza kama karanga.

Maabara Nyegezi
Hapana, mama. Dawa hiyo hunyamazisha nyingi za protini hizo za kinga, na siku za mwanzo bado unazihitaji. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, lilionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Mchuuzi wa Kirumba
Nimekitoa cheti chake kwenye bahasha. Deksamethasoni miligramu 6, ilianza siku ileile ya oksijeni, na juu yake pameandikwa CRP 148. Miaka yote hii nilidhani ni namba ya kitanda.