Naomba ushauri: nataka faili la Excel lifunguke kwenye mstari wa leo

Habari za jioni wakuu. Nina faili la mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, shiti 12, kila mwezi na lake. Likifunguliwa linaanzia pale lilipoachwa wakati wa kuseviwa. Juzi kijana wa kaunta kaingiza mifuko ya saruji ya mwezi huu kwenye shiti la mwezi uliopita. Kusahihisha kulinikesha.

Nikaandika makro (programu ndogo ndani ya Excel inayofanya kazi yenyewe). Mwanzo niliweka Workbook_Open (sehemu inayojiendesha faili likifunguliwa) kwenye Module ya kawaida (ukurasa wa jumla wa kuandikia makro), haikuamka kabisa. Nilipoihamishia ThisWorkbook (ukurasa wa makro wa faili lenyewe) ikaamka. Range.Select (amri ya kuchagua seli) bila kutanguliza Activate (amri ya kwenda kwanza kwenye shiti lenyewe) inanipiga kosa 1004. Nikitanguliza inakubali, ila mstari wa leo unajibanza chini kabisa ya skrini.

Application.Goto (amri ya kurukia seli) yenye Scroll:=True (isogeze na skrini) inaupandisha juu vizuri, lakini kwa kuwa nailenga kolamu C, kolamu A na B (tarehe na jina la mteja) zinapotelea kushoto. Je, nilenge A kwanza ndipo nichague C, au kuna namna ya kusogeza mistari tu?

Halafu kijana akisahau kuruhusu makro, namzuiaje asiandike popote?